Upepo wa Moroto, Mfuko wa Kampala

Saa kumi alasiri pale Ggaba, upepo wa ziwa huja na nguvu ya kutosha kuyumbisha miavuli ya wachuuzi wa samaki na kuusukuma moshi wa majiko kuelekea Bunga. Anayeupokea usoni lazima ajiulize: kama Nairobi ina mitambo yake ya upepo juu ya vilima vya Ngong, Kampala yenye vilima vyake na ziwa lake imekosa nini?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Kasi ya upepo ikizidi maradufu, nguvu yake haizidi mara mbili. Huzidi mara nane. Sera ya Nishati Jadidifu ya Uganda ya mwaka 2007 inasema kwamba katika sehemu nyingi za nchi, upepo ukipimwa karibu na ardhi, huenda kati ya mita 2 na 4 kwa sekunde. Kule Loiyangalani, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, wastani ni kama mita 11. Mbawa zilezile zikihamishwa kutoka upepo wa mita 4 hadi wa mita 11, nguvu zinayoipokea huongezeka kama mara ishirini. Mtambo mkubwa wa kisasa hauanzi hata kuzalisha kabla ya mita 3 au 4. Tena upepo wa Ggaba ni mtoto wa mchana. Huzaliwa nchi kavu inapopata joto kuliko maji, na jua likizama hunywea, wakati ambapo Kampala ndiyo kwanza inawasha taa, pasi na televisheni.

Kwa hiyo niseme mapema kwamba simtarajii mtu ajenge shamba la upepo ndani ya Kampala. Upepo wa Uganda unaostahili kuzungumzwa uko Karamoja, hasa Rupa karibu na Moroto, safari ya zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Kampala ina vitu vingine ambavyo Rupa haina: akiba za watu, mafundi, vyuo, ofisi zinazotoa leseni, na wateja wa umeme. Shamba la upepo la jamii, likija kujengwa nchini, litakuwa la sehemu hizi mbili kwa pamoja, na swali gumu litakuwa nani anapokea nini, na anakipokea lini.

Faida inayotajwa sana ni umeme wenyewe. Wenye umri wa kukumbuka 2005 na 2006 hawahitaji kuhadithiwa. Maji ya Ziwa Victoria yalishuka, vituo vya Nalubaale na Kiira vikapungukiwa, na Kampala ikaishi kwa zamu: leo mtaa wenu unao umeme, kesho haunao. Serikali ilikodi majenereta ya dizeli ya megawati 50 yakafungwa Lugogo, na bei ya uniti ikapanda kwa sababu dizeli hununuliwa kwa dola. Mngurumo wa jenereta ndogo mbele ya kila duka ukawa ndio sauti ya jiji. Siku zile, shamba lolote la upepo lingepokelewa kwa vigelegele.

Leo mambo yamegeuka. Bujagali ya megawati 250 ilikamilika 2012, Isimba ya 183 ikafuata 2019, na Karuma ya 600 ikazinduliwa Septemba 2024. Uwezo wa kuzalisha umepita megawati 2,000, na mahitaji ya nchi hata katika saa za kilele ni kama nusu yake. Kinachokosekana ni nguzo, waya, na pesa ya mwananchi ya kununua Yaka, umeme wa kulipia kabla. Zaidi ya nusu ya kaya za Uganda hazijaunganishwa na gridi ya taifa. Mtu akisema kwamba shamba la upepo litaondoa giza nchini, ameweka dawa pasipo na kidonda.

Hata hivyo hoja ya umeme haijafa. Vituo vyetu vikubwa vitano vya maji, yaani Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, vimepangana juu ya mto mmoja. Agosti 2022 maji yaliingia ndani ya jengo la mitambo la Isimba, kituo kizima kikasimama, na nchi ikaonja giza tena. Ile ilikuwa ajali ya kituo kimoja. Ukame wa ziwa huvigonga vyote. Watu wa Mufindi, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wana uzoefu unaotufaa hapa. Kampuni ya Rift Valley Energy ilianza na kituo cha maji cha Mwenga cha megawati 4 mwaka 2012, kikiuza umeme kwa shirika la umeme la TANESCO na moja kwa moja kwa vijiji vya jirani kupitia nyaya zake yenyewe. Kiangazi mto ulipungua. Mwaka 2020 wakasimamisha mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, kwa sababu upepo wa Mufindi huvuma vizuri majira yaleyale ambayo mto unakauka. Mitambo mitatu tu, na ikawa shamba la kwanza la upepo Tanzania. Kwa nchi iliyoegemea mto mmoja kama yetu, kipimo hicho kidogo kinanivutia kuliko ndoto za mamia ya megawati.

Kuna pia matumizi ya upepo ambayo hayahitaji umeme kabisa. Sera ile ya 2007 ilisema wazi kwamba upepo wetu unafaa zaidi kwa mitambo midogo na kwa kuvuta maji, ikaitaja Karamoja. Huko Thika, Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zimekuwa zikitengenezwa pampu za upepo ziitwazo Kijito: mbawa juu, fimbo ya chuma katikati, bomba chini ya kisima. Mfugaji wa Karamoja akiulizwa aanze na taa au na maji ya ng'ombe, atataja maji. Lakini pampu hufa kifo cha kawaida sana: kipande kidogo hukatika, fundi yuko mbali siku mbili, na hakuna aliyetengewa pesa ya kumwita. Faida ya mtambo kwa mwenyeji hupimwa mwaka wa kumi, siyo siku ya kukata utepe.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo Kenya ilipotupa mafunzo yaliyolipiwa kwa gharama kubwa. Mradi wa Ziwa Turkana ni mkubwa kuliko wowote wa upepo katika eneo letu: mitambo 365, megawati 310, kwenye ardhi ya ekari 150,000 huko Marsabit. Mitambo ilikuwa imesimama yote kufikia 2017, lakini waya wa kuipeleka Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari hadi Septemba 2018, na katika kusubiri huko serikali ya Kenya ikawa inadaiwa umeme ambao haikuupokea. Wenyeji walipata kitu. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa upya, na safari iliyokuwa ya mateso ikafupika. Maelfu walipata vibarua wakati wa ujenzi, na mamia wakabaki baadaye. Mfuko wa jamii ukajenga madarasa na visima. Lakini waya wenye volti 400,000 hauwezi kuchomolewa tawi njiani ili kuwasha taa ya nyumba. Unahitaji kituo cha kupozea umeme, na kituo hicho ni ghali. Kwa hiyo umeme ulipita juu ya vichwa vya wafugaji ukaenda kuwasha miji. Yeyote aliyekulia Njeru au Jinja chini ya nyaya za Nalubaale anaijua picha hiyo.

Kisha likaja suala la ardhi. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilisema hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja kasoro hizo zirekebishwe. Fikiria maana yake: mabilioni ya shilingi yalikuwa yamesimikwa ardhini, umeme ulikuwa unauzwa, na suala la nani alikuwa na haki ya kuitoa ardhi hiyo lilikuwa bado mbele ya hakimu. Kinangop, kwenye wakulima wa viazi na mashamba madogo, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mradi wa megawati 60.8 ulikutana na wenyeji wasioelewa watalipwa nini na watabaki na nini. Mapema 2015 maandamano yaligharimu maisha, na mwaka 2016 wawekezaji wakaondoka. Mradi ulikufa bila kuzalisha uniti hata moja.

Kipeto, huko Kajiado, ilikwenda njia nyingine. Wazo lilitoka kwa Craftskills, kampuni ya Kikenya iliyoanza kwa kutengeneza vinu vidogo vya upepo. Leo kuna mitambo 60, megawati 100, iliyoanza kuuza umeme 2021. Familia za Kimaasai zilizotoa ardhi zina hati zao binafsi. Hulipwa pango na sehemu ya mapato ya mauzo, na jamii ina mfuko wake katika mradi. Kwa kuwa eneo lile ni la tumbusi, ndege ambao mbawa za mtambo huwaua kwa urahisi, mradi ulilazimika pia kugharamia ulinzi wao. Sidai Kipeto haina malalamiko. Nadai tu kwamba mwenye hati mkononi aliketi mezani kabla ya zege kumwagwa, na tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi kati ya Kajiado na Marsabit.

Maneno mawili katika mikataba hii huchanganywa sana, mauzo na faida, na mchanganyiko huo umewaumiza wengi. Tuchukue hesabu ya mfano, isiyo ya mradi wowote uliopo. Mitambo ya megawati 2.4 ikizalisha wastani wa asilimia 30 ya uwezo wake hutoa uniti milioni 6.3 kwa mwaka. Kila uniti ikiuzwa senti 8 za dola, mauzo ni kama dola 504,000. Jamii iliyoandikiwa asilimia 3 ya mauzo itapokea dola 15,000 hivi mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili, na kuendelea, alimradi upepo umevuma. Jamii iliyoandikiwa asilimia 5 ya hisa itapokea asilimia 5 ya kitakachobaki baada ya benki, bima, vipuri na mishahara. Na kwa miaka mingi ya mwanzo, benki ikiwa bado inalipwa, kinachobaki kinaweza kuwa hakuna kitu. Asilimia 5 inasikika kubwa mkutanoni kuliko asilimia 3. Watu hupiga makofi, kisha husubiri.

Afrika Kusini waliliona hilo kwa macho. Mpango wao wa kununua umeme jadidifu kwa zabuni, ulioanza 2011, ulidai kila mradi uwe na umiliki wa jamii usiopungua asilimia 2.5, na shamba la Tsitsikamma la megawati 95 liliwapa Wamfengu, wenye ardhi, asilimia 9. Lakini hisa nyingi za jamii katika mpango huo zilinunuliwa kwa mkopo, na gawio likaenda kwanza kulipa mkopo huo. Kwa maoni yangu, mwenyeji wa Rupa aanze na sehemu ya mauzo, iliyoandikwa ilipwe kabla ya benki. Hisa ziwe ngazi ya pili, zikue kadiri deni linavyopungua.

Sheria zetu hazianzii sifuri hapa. Sheria ya Umeme ya 1999 ilimtaka mwenye leseni ya umeme wa maji aipe wilaya yenye bwawa mrabaha. Sheria ya madini ya 2003 ilimpa mwenye ardhi asilimia 3 ya mrabaha wa madini yatokayo chini yake. Rupa yenyewe imepita shule hiyo kupitia marumaru, na jamii yake imeshaunda amana ya kusimamia mambo hayo. Kama bwawa lina haki yake na jiwe lina haki yake, sioni sababu ya upepo kuachwa kwenye hisani ya mwekezaji.

Lakini “jamii” ni nani? Mjini neno hili tunalitumia kiurahisi mno. Karamoja ardhi kubwa ni ya malisho, inashikwa kwa mila, na anayeitumia Januari si yule anayeitumia Agosti, kwa kuwa mifugo hufuata maji. Mkutano ukiitishwa msimu ambao vijana wako mbali na ng'ombe, watakaoamua ni wachache waliobaki karibu na barabara. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, anaweza kuwa na muhuri bila kuwa na idhini ya wenye malisho. Wanawake hukata nyasi na kuni pale ambapo hati, ikipatikana, itaandikwa majina ya waume. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliruhusu wenye ardhi ya mila kuunda vyama vya ardhi ya jamii, vyenye katiba na kamati iliyochaguliwa, na hicho ndicho chombo cha kuanza nacho. Ni kazi ya polepole, inahitaji kutembea zizi kwa zizi. Kinangop ilionyesha gharama ya kuiruka.

Ajira nitaipitia haraka, kwa sababu mara nyingi hutiwa chumvi. Shamba dogo la upepo likishajengwa huajiri walinzi wachache na mafundi wachache zaidi. Kazi ya kweli iko katika kinachofanywa na umeme: mashine ya kusaga, jokofu la maziwa, karakana ya kuchomelea. Kisiizi, huko Rukungiri, hospitali ya kanisa iliweka mtambo wake kwenye maporomoko ya mto Rushoma. Umeme ule unaendesha vyumba vya upasuaji na pia unauzwa kwa majirani. Mafundi wake wanaishi palepale. Mtambo ukikohoa usiku, anayeamka ni mtu ambaye mke wake huenda amelazwa wodini. Hapa Kampala, Katwe na Kisenyi wana mafundi wa kufunga koili za mota na kuchonga vyuma ambao wangeweza kufundisha vijana wa Moroto kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kuagiza kipuri kutoka Ulaya.

Kampala itafaidika vipi, basi, ikiwa mitambo iko mbali hivyo? Karibu na jiji la Copenhagen, baharini pale Middelgrunden, kuna mitambo 20 iliyojengwa mwaka 2000, megawati 40. Nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000, wengi wao wakazi wa kawaida wa jiji, na hisa moja ilipimwa kwa uniti 1,000 za umeme kwa mwaka. Baadaye sheria ya Denmark ikataka angalau asilimia 20 ya hisa za mitambo mipya ziuzwe kwanza kwa wanaokaa ndani ya kilomita 4.5 kutoka ilipo. Mpangilio huo ulikuwa na busara: aliyesikia mvumo wa mbawa kila usiku alinunua kwanza, mtu wa mjini akafuata.

Na watu wa Kampala si wageni katika kumiliki umeme, ingawa wengi hawakujua kwamba wanaumiliki. Umeme, kampuni iliyosambaza umeme tangu 2005 hadi ilipokabidhi kazi kwa kampuni ya serikali ya UEDCL Aprili 2025, iliingia soko la hisa la Uganda mwaka 2012, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ukashika zaidi ya asilimia 20 ya hisa zake. Kila mfanyakazi aliyekatwa mshahara kwa ajili ya NSSF alikuwa na chembe yake katika kampuni ile ambayo pengine aliilalamikia kila Yaka ilipoisha. Alikuwa na hisa bila sauti. Nairobi nako kuna upungufu wake: mitambo ya Ngong, ambayo mbegu yake ilikuwa miwili iliyotolewa na Ubelgiji mwaka 1993 na sasa imefika megawati 25.5, ni ya kampuni ya KenGen, na mkazi wa Ngong hulipa bei ileile ya uniti kama mtu wa Mombasa. Kukaa karibu na mtambo hakumpi mtu kitu, na kuwa na hisa kupitia mfuko mkubwa hakumpi neno. Ushirika hutofautiana na vyote viwili kwa kuwa mwanachama mmoja ana kura moja.

SACCO za Kampala, yaani vyama vya akiba na mikopo, zingeweza kuwa mlango wa ushirika huo, ila hapa natoa tahadhari kwa moyo wote. Akiba nyingi za SACCO ni karo ya muhula ujao, mtaji wa duka, au pesa ya msiba. Mtambo wa upepo hurudisha pesa kwa miaka ishirini. Pesa inayohitajika Februari haipaswi kufungiwa kwenye mnara wa Moroto. Tena mitambo hununuliwa kwa dola au yuro, na shilingi ikiyumba, deni huvimba hata upepo uvume vipi. Pesa ya pensheni ina subira ya kutosha kwa kazi hii. Ya mama wa sokoni Kalerwe haina, na mwenye kumshawishi aiweke huko amdhaminie kwanza namna ya kuitoa.

Kuna hatua moja ambayo haihitaji benki wala mwekezaji, na ningependa Kampala ianze nayo. Kabla ya shamba lolote, hujengwa mlingoti mwembamba wa kupimia upepo, wenye urefu wa mita 60 au 80, unaosimama angalau miezi kumi na miwili ukiandika kasi na mwelekeo usiku na mchana. Benki haikopeshi bila takwimu hizo. Kwa kawaida mwekezaji ndiye huusimika mlingoti, takwimu zinakuwa siri yake, na siku ya mazungumzo anajua thamani ya upepo wa mwenyeji kuliko mwenyeji. Chuo Kikuu cha Makerere kina wahandisi wa nishati. Rupa ina ardhi na amana yake. Mlingoti ukisimikwa na hao wawili, na daftari la vipimo likawekwa kwa jina la wenye malisho, atakayekuja kutaka kujenga ataanza kwa kuomba kuliona.